Kupanda Rungwe baada ya mvua za masika

Ndugu yangu, umeuliza kama ni salama kupanda Mlima Rungwe Jumamosi hii baada ya mvua za siku nne mfululizo. Nakuomba uahirishe. Udongo wa volkano wa milima yetu hunyonya maji mengi, na yanapojaa huongeza uzito na kupunguza mshikamano wake, hivyo mteremko mkali unaweza kuporomoka hata baada ya mvua kukatika. Tuliyaona hayo Kawetere, hapa Mbeya, Aprili 2024, matope yalipofukia nyumba za watu. Ukikuta nyufa mpya juu ya njia, miti iliyoinama au kijito kilichogeuka matope ghafla, rudi kwa kufuata mgongo wa mlima, kamwe usipite korongoni. Mwongozaji wa kijijini akikataa kupanda, msikilize, hata kama umeshamlipa.