Presha ya mkononi si presha ya ubongoni

SWALI: Baba yetu ana miaka 68 na presha ya siku nyingi. Atapasuliwa bega kwa nusukaputi, akiwa amekalishwa. Jirani katutisha kwamba ukikalishwa hivyo damu haifiki ubongoni, unaamka na kiharusi. Kweli? Tumuulize nini daktari wa usingizi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hutokea, lakini kwa nadra sana. Dawa za nusukaputi hulegeza mishipa, presha ikashuka. Mgonjwa akikalishwa, damu inapanda mlima: kila sentimita 10 kwenda juu hula milimita 7.5 hivi za presha. Tundu la sikio, ambalo ndilo usawa wa ubongo, likiwa sentimita 20 juu ya mkanda wa presha wa mkononi, toa 15. Mashine ikisoma wastani wa presha wa 65, ubongo unapata 50. Mkanda ukifungwa kwenye kigimbi ndiyo balaa, maana pengo laweza kufika sentimita 80, yaani milimita 60. Kwa hiyo ulizeni kwanza: mkanda utafungwa wapi, na hesabu hiyo itatolewa?

Pili, wastani wake wa kawaida ni upi? Chukua namba ya chini, ongeza theluthi ya tofauti: 150/90 ni 110. Mishipa yake imezoea hapo, na 65 inayomtosha kijana huenda isimtoshe yeye. Wengi hulenga isishuke zaidi ya asilimia 20, yaani 88. Mpimeni nyumbani kila asubuhi kwa wiki nzima, mpeleke daftari. Presha ya siku ya upasuaji hupandishwa na woga.

Dawa zote ziorodheshwe. Losartani na enalaprili, dawa za presha, mara nyingi husimamishwa saa 24 kabla. Atenololi, nayo ya presha, haikatwi ghafla. Msiamue wenyewe. Kama aliwahi kupata kiharusi miezi ya karibuni, semeni. Upasuaji usio wa dharura husogezwa mbele.

Mengine ni kazi ya chumba cha upasuaji: shingo isipindwe, na mashine isimpumulishe kwa kasi. Kasi hiyo huondoa kaboni dioksidi mwilini, nayo ikishuka kwa milimita moja, damu ya ubongo hupungua kwa asilimia 3 hivi.

Ulizeni pia kama ganzi ya shingoni, sindano ya kufisha neva za bega, yatosha bila nusukaputi. Mgonjwa anayejibu akiitwa ni kipimo kizuri kuliko skrini. Ila jueni: baada ya ganzi hiyo mkono hautainuka, kope la upande huo laweza kulegea, sauti ikakwaruza. Hayo hupita. Mdomo kwenda upande, maneno kuchanganyika au mguu kulegea, mwiteni nesi papo hapo.