Wageni wamesema tumewaharibu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mapokezi kwenye hoteli ndogo hapa Paje. Juzi Waingereza wawili, mtu na mkewe, waliandika kwenye kitabu cha wageni: "You spoiled us!" Meneja kaniita, kanuna, ananiuliza tumewaharibia nini. Shuleni nilifundishwa "spoil" ni kuharibu. Walikuwa wanalalamika?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie meneja anunue soda, mmesifiwa. Wamesema mmewadekeza.

Neno lenyewe lilianza na damu. Kwa Kilatini, spolium ni ngozi ya mnyama aliyechunwa, au silaha alizovuliwa adui. Ndiyo maana ngawira ya vita Mwingereza huiita "spoils" mpaka leo. Kutoka kuchuna likaingia kwenye kupora, kisha kuharibu, na kufikia karne ya 17 likamwangukia mtoto anayeengwaengwa hadi tabia ikaharibika. Wageni wenu wanajifanya huyo mtoto: wakirudi kwao, nani atawaangulia dafu?

Tatizo ni letu. "Kuharibika" kwetu kunabeba kila mzigo: gari, simu, safari, hata mimba. Tukivuka kwenda Kiingereza tunaubeba mzigo uleule, "my phone is spoilt". Kampala na Nairobi utaisikia kutwa. Mimi mwenyewe, nikiwa chuo cha ualimu, nilimwambia mkufunzi Mwingereza kwamba nimechelewa kwa sababu "my watch is spoilt". Akaitazama saa yangu ya mkanda wa plastiki, akaniuliza kama huwa naipa peremende nyingi. Darasa zima! Kwao saa huwa "broken", gari likizima njiani ni "broken down".

Jikoni lakini matajiri ni sisi. Wali na tui huchacha, samaki huvunda, embe huoza, yai huwa viza. Wao "spoiled" moja yaweza kubeba yote hayo. Anayekusimulia mwisho wa tamthilia hujaitazama, naye ka-"spoil". Kwenye kura tunakutana: yao "spoilt", yetu imeharibika.

Tahajia isikuumize kichwa: Uingereza "spoilt" na "spoiled" zote zinapita, Marekani hupenda "spoiled".

Wajibuni wageni: "Come back, we'll spoil you again." Ila bomba la chumbani likigoma, andika "not working", usije ukaulizwa nani kalidekeza.