Gari limekaa upande? Acheni kwanza kuzitukana springi

Jumamosi nimewakuta madogo wawili wa gereji yetu wamelala chini ya Subaru Impreza, kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja. Gari lile lile, springi fupi zile zile. Mbele kushoto limekaa juu, kulia liko chini, na mmoja wao kashika kisu na kipande cha tairi la lori, anachonga raba ya kupachika kwenye springi ya kulia ili "zilingane".

Nikauliza: mlipima kabla ya kufungua? Kimya. Baada ya kufunga je? Dogo akaingiza vidole kati ya tairi na fenda. Kushoto vinne, kulia vitatu. Sasa vidole vya nani? Mwenzake ana vidole kama ndizi mkono wa tembo, kwake gari lote lingekuwa vidole viwili.

Nawapenda hawa watoto. Wanafika saa moja asubuhi, hawachagui kazi. Lakini makosa yao nayajua kwa majina, maana mengi niliyafanya mimi kabla hawajajua kushika spana. Basi haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote anayeingia kwenye kazi ya kushusha kimo cha magari akidhani ni kutoa springi ndefu na kuweka fupi.

1. Futi kwanza, spana baadaye. Kabla ya kulegeza nati hata moja, pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike. Usipimie ardhini. Tairi moja likiwa kipara na jingine jipya, au upepo ukipishana, namba yako ni uongo. Na pimia kwenye sakafu iliyo sawa. Pale kando ya barabara mnapopapenda kwa sababu kuna kivuli cha mwarobaini pameinamia mtaroni, hata meza ya mama ntilie pale imewekewa kijiwe.

Angalia pia gari limebeba nini. Lita 60 za petroli ni karibu kilo 45. Dereva huku kwetu anakaa kulia, na madereva wengine si wa kupuuzwa. Niliwahi kupoteza nusu siku kwenye Mark II iliyolala nyuma kulia. Nimeshatoa shokapu, nimeipima, nimeirudisha, ndipo mwenyewe akaja kuchukua "kamzigo kake" kwenye buti: mfuko wa simenti na betri mbili za sola. Akaniuliza mbona nimetoka jasho hivyo.

Halafu kuna fenda zenyewe. Magari mengi tunayopokea yalishagongwa, ama huko Japani ama hapa hapa mjini. Fenda iliyonyooshwa na kupigwa puti hairudi pale ilipozaliwa. Ukiwa na namba za kabla ya kazi, mteja akija na simu yake na picha ya gari limeinama, unamwonyesha karatasi: mzee, lilikuja hivi. Ukiwa huna, lawama ni yako na dawa huijui.

Kiwango changu: tofauti ya milimita 5 kushoto na kulia siishiki. Ikifika 10 natafuta. Ikifika 15 najua kuna kitu nimekosea mimi, na springi haijahusika bado.

2. Herufi za kwenye springi: F ni mbele, R ni nyuma. Naiandika kwa sababu kuna dogo alinijia na springi mkononi akilalamika: "Fundi, wametuletea R mbili, L ziko wapi?" Alikuwa ameshapanga kuweka R upande wa kulia. Na zile za kiwandani unazozitoa, zifunge karatasi kila moja na upande wake, maana magari mengine springi ya kushoto na ya kulia hazilingani kwa makusudi, zina alama za rangi. Siku mteja akizitaka zirudi, utanishukuru.

3. Mkia wa springi, ile ncha yake, uegemee ngazi yake kwenye kikombe kinachoikalisha, na raba zake, ya juu na ya chini, ziwe moja moja. Kwenye Subaru kile kikombe cha juu kina neno OUT. Linatazama nje. Basi.

4. Hapa ndipo ninapotaka mniazime masikio.

Nilikuwa na mwaka wa pili tu kazini, na kiburi cha mwaka wa kumi. Akaja kaka mmoja na Toyota Altezza nyeupe, springi za kushusha milimita 30 ziko kwenye boksi, mpya. Siku hiyo ni Alhamisi. Jumamosi anaoa, na gari ndilo litakalombeba bibi harusi. Nikamwambia kesho mchana njoo uchukue.

Altezza ina wishiboni mbili, ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu, kila pembe, mbele na nyuma. Nikaanza mbele kushoto. Shokapu ikagoma kutoka, nikalegeza boliti za wishiboni ya chini na ya juu, mkono ukaning'inia, ikatoka. Nikafunga springi mpya, nikarudisha kila kitu, nikakaza boliti zote gari likiwa juu ya jeki, tena kwa bomba refu nililochomeka kwenye spana ili mteja asije kusikia mlio. Kulia nikawa nimepata akili: nikamwita mwenzangu akaukanyaga mkono kwa mguu, shokapu ikachomoka bila kugusa boliti hata moja. Nikajisifu kwa kuokoa dakika 20.

Nikashusha jeki. Kushoto juu kwa milimita 17.

Nikahamisha springi, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Kushoto bado juu. Mnaona? Gari lilikuwa limeshanijibu. Springi imehama, tatizo halijahama, basi springi haina kosa. Fundi mwenye akili angekaa kwenye kreti la soda akawaza. Mimi nikaamua shokapu ndiyo mbovu. Usiku ule ule nikatafuta muuza spea wa mtaa wa Gerezani, Dar, ninayemfahamu, asubuhi nikanunua jozi ya used kwa hela ya kodi ya chumba changu. Nikafunga. Kila nikifunga, nakaza boliti za kushoto hewani, kwa bomba. Milimita 17. Nikabadilisha maunti, kile kishikio cha juu cha shokapu. 17. Ilifika mahali naiota ile namba.

Ijumaa jioni bwana harusi amesimama mlangoni na shati la kujaribishia suti. Nikachukua tairi la lori na kisu. Ndiyo. Nikachonga raba, nikaipachika kati ya koili za springi ya kulia. Gari likakaa sawa kama trei. Akanikumbatia.

Raba ile ilivumilia hadi tuta la tatu kutoka kanisani. Msafara mzima nyuma, tarumbeta kwenye pikapu, na kitu cheusi kinaruka kutoka chini ya gari la maharusi na kuvingirika hadi kwenye kibanda cha chipsi. Picha ya ukutani kwao ipo hadi leo: bibi harusi anashuka kwenye gari lililoinamia upande mmoja kama mtu aliyeteguka kiuno. Nimeshaalikwa pale chakula mara mbili na mara zote nimekaa kiti kinachoipa mgongo.

Miezi miwili baadaye gari likarudi linagonga. Bushi za kushoto, zile raba za kwenye maungio ya mikono, zimechanika, tairi limeliwa kwa ndani. Siku hiyo kulikuwa na mzee mmoja fundi wa malori amekuja kuazima mashine ya kuchomelea. Akanisikiliza nikilalamika kuhusu springi za siku hizi. Hakusema kitu. Akaomba gari liwekwe juu ya shimo, matairi yote chini, akashuka na spana. Akalegeza boliti ya kwanza ya kushoto. Ya pili ikatoa mlio, kwiii, kama mlango wa stoo, na gari likakaa chini taratibu kama mtu aliyetua gunia. Nikapima. Tofauti ilikuwa milimita 4. Mzee akachungulia kutoka shimoni: "Kijana, gari hili lina springi nne. Wewe umelifungia sita."

Maana yake ni hii, na mkisahau yote kumbukeni hili. Bushi ya raba haizunguki kama beringi. Bomba lake la ndani limebanwa na boliti, la nje limebanwa kwenye mkono, na raba imegandishwa katikati. Mkono ukipanda au kushuka, raba inajisokota. Pale ulipokaza boliti ndipo raba inapopahesabu kuwa nyumbani. Ukikaza gurudumu linaning'inia, nyumbani ni chini. Ukishusha gari, raba inausukuma mkono urudi huko, mchana na usiku, hadi inyanyue pembe hiyo au ichanike. Kwangu ilifanya vyote viwili.

Kwa hiyo unaingiza boliti hewani kwa mkono tu, unaweka gari juu ya shimo au rampu, unalitikisa, ndipo unakaza. Huna shimo? Weka jeki chini ya mkono, nyanyua mpaka habu hadi fenda ipate kipimo ambacho gari litakaa likiwa chini, kaza hapo. Na zile boliti ambazo hukuzigusa, zilegeze pia, pande zote mbili. Zinakumbuka kimo cha zamani. Zile za kulia za Altezza ndizo zilizonifanya nione kulia ndiko "sawa", kumbe nako kulikuwa kumesokotwa, kidogo tu. Boliti zenye kamu, zile za kurekebishia pembe ya tairi, zipige alama ya rangi kabla, na gari likitoka liende alaimenti, kunyooshwa matairi, siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi.

5. Hamisha springi kushoto na kulia mara moja tu, kama jaribio. Tatizo likifuata springi, ni springi. Lisipofuata, iache springi ipumzike.

6. Fungua linki za stabilaiza, ule mtaimbo unaounganisha kushoto na kulia, uone. Linki moja ikiwa fupi kuliko nyingine inavuta upande. Na pembe iliyo juu mbele kushoto wakati mwingine inasukumwa na pembe iliyozama nyuma kulia. Meza ya miguu minne mnaijua.

7. Forester za kizazi cha pili, kuna zenye shokapu za nyuma zinazojisawazisha zenyewe. Moja ikivuja, nyuma inalala upande. Ukizifungia springi fupi zilizokusudiwa shokapu za kawaida, hazitaelewana. Muulize mteja kabla ya kumuuzia kitu.

8. Ile raba inayokaa kwenye rodi ya shokapu, kama karatasi ya springi imesema ikatwe, ikate. Isipokatwa gari litakaa juu ya raba na mteja atasema umemfungia mbao.

Kuhusu grenda na gesi sitaki mjadala. Ukikata koili kwa macho, kushoto na kulia hazitalingana, na ukiichoma springi umeiua. Anayetaka hivyo aende kwingine, na aende polepole.

Sasa ile Impreza. Kwa sababu ya jeraha langu, nikasimama mbele ya gereji nzima nikatangaza: ni bushi. Nikalipeleka juu ya shimo, nikashuka mwenyewe, nikalegeza boliti za mikono ya chini kushoto na kulia, nikasubiri kwiii yangu. Gari halikusogea hata unywele. Juu kimya, isipokuwa dogo wa vidole, aliyesema kwa sauti ya chini kwamba tangu Alhamisi ukikata usukani upande wa kushoto kunalia "tang", alitaka kusema lakini kaka fundi ulikuwa unaongea. Tukavua shokapu ya kushoto. Mkia wa springi ulikuwa umepanda juu ya ngazi ya kikombe badala ya kuegemea. Namba tatu ile, niliyoipitia kwa sentensi mbili. Dogo akaukalisha mwenyewe, akafunga, tukashusha, akachukua futi bila kuambiwa. Milimita 3. Nadaiwa soda mbili, na lile tairi la lori nimelitupa mbali.