Wastani upo, mtu wa wastani hayupo

Je, kuna mtu ambaye ni wa wastani kwa kila kitu? Hayupo. Wastani ni hesabu ya karatasini tu. Mwaka 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilipima miili ya marubani 4,063, kisha Luteni Gilbert Daniels akachukua vipimo 10, kimo, kifua, mikono na kadhalika, akatafuta nani yuko katikati kwa vyote. Hakupata hata mmoja! Mwenye kimo cha katikati unamkuta na mikono mirefu, mwingine kifua chembamba. Ndiyo maana jeshi likataka viti vya rubani viweze kusogezwa. Ila kwa kipimo kimoja kimoja, mfano presha, daktari akisema "si ya kawaida" ana maana yake kabisa, usimpuuze.