Maswali ya Wasomaji: Adam Shafi, Uanzie Kitabu Gani?

SWALI: Tangu nimalize shule sijagusa riwaya. Juzi nimenunua Haini ya Adam Shafi, nikakwama sura za mwanzo tu. Sielewi kwa nini watu wanakamatwa. Tatizo ni mimi au kitabu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Tatizo ni mlango ulioingilia. Haini (2003) inamtaka msomaji awe anajua tayari kwamba Rais Abeid Amani Karume aliuawa Unguja tarehe 7 Aprili 1972, na kwamba kamatakamata ikafuata. Asiyelijua hilo atahangaika gizani pamoja na Hamza, mhusika mkuu.

Kiweke kando, uanze na Vuta n'kuvute (1999). Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mtu wa makamo ya baba yake. Anamkimbia, anaangukia kwa Mwajuma huko Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, kisha mikononi mwa Denge, kijana anayesakwa na serikali ya Mwingereza. Siasa zimo tele, ila zimepanda mgongo wa mapenzi, ndiyo maana hazichoshi. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 ingoje hadi umalize kitabu. Ukiitangulia, kila ukurasa utaona sura za waigizaji badala ya watu wako mwenyewe.

Kisha soma Kuli (1979), yenye mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa 1948. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) inakuonyesha maisha ya shamba hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Kwa maoni yetu watu wake wamegawanywa mno, wabaya kule na wema huku, lakini bila hiyo Haini hukosa mizizi. Hapo ndipo uirudie.

Jambo jingine linalowakwamisha wasomaji wa bara ni Kiunguja chenyewe. Usikimbilie kamusi kwa kila neno, hadithi itakuponyoka. Piga mstari kwa penseli, malizia sura, ndipo utafute. Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar (2010), litakufaa zaidi kwa maneno ya visiwani.

SWALI: Peponi ya Abdulrazak Gurnah ni tafsiri. Kuna la kujiandaa nalo kabla ya kuisoma? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Lipo moja: pitia Surat Yusuf katika Kurani. Riwaya ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akaitafsiri, na Mkuki na Nyota wakaichapa 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Nobel ya Fasihi. Yusuf, mwenye miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake. Bustani, uzuri wa kijana, mke wa tajiri: anayekijua kisa cha Nabii Yusuf atavitambua mara moja. Ila Yusuf huyu usimngojee uwaziri. Vita vya 1914 vinanukia, na Wajerumani hawako mbali.