Amua kwanza neno ni nini

Wewe unayeanza Python, najua programu ya kuhesabu maneno utaimaliza jioni moja: fungua faili, kata matini penye nafasi, hesabu vipande. Nakuomba ukae nayo wiki nzima.

Yangu niliijaribu kwa matangazo ya nyumba za kupangisha hapa Nairobi. Ilinipa jumla, nikaiamini. Siku ya tatu ndipo nilipotazama orodha yenyewe, nikakuta neno "lang" na neno "ata", idadi sawasawa. Kumbe mtaa mzima wa Lang'ata ulikuwa umepasuliwa! Nilikuwa nimeweka nafasi mahali pa kila alama isiyo herufi, na ritifaa, ile alama iliyo katikati ya Lang'ata, ikafagiliwa pamoja na nukta na mkato. Ng'ambo, ng'ombe, Murang'a, yote vipande vipande.

Nikairudisha ritifaa. Bado Lang'ata ikajitokeza mara mbili kwenye orodha, na kwa macho sikuona tofauti yoyote. Kwa kompyuta ipo: katika Unicode, orodha inayopa kila herufi na alama namba yake, ritifaa iliyonyooka ni U+0027, na ile iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, ni U+2019. Zigeuze ziwe moja kabla hujakata chochote. Herufi kubwa nazo zishushe, la sivyo "Nyumba" na "nyumba" zitahesabiwa mbalimbali.

Kuhusu kasi, usiipitie orodha yote upya kwa kila neno. Tumia kamusi ya Python (dict), neno liwe ufunguo na idadi iwe thamani, kisha soma faili mstari kwa mstari.

Kila ukibadilisha kitu, ijaribu kwa sentensi unayoweza kuihesabu kwa vidole: "Ng'ombe wa Lang'ata, ng'ombe wa Murang'a." Jumla sita, maneno tofauti manne. Jumla ilinganishe pia na wc, amri ya kuhesabu maneno iliyomo katika mfumo wa kompyuta wa Unix tangu 1971. Zikitofautiana, tafuta sababu. Yangu ilitofautiana kwa sababu wc hukata penye nafasi tu, hivyo kistari kilichosimama peke yake nacho ni neno kwake.

Halafu kuna "tunapangisha", "wanapangisha" na "imepangishwa". Mimi nimeyaacha yawe maneno matatu, maana nilitaka yaliyoandikwa. Ukitaka mzizi mmoja, hiyo ni programu nyingine, na kitabu cha sarufi utakifungua kabla ya kompyuta.