Wakikuambia umwite mteja

Wiki iliyopita muuguzi mmoja aliye mwanzoni mwa kazi aliniandikia: "Dada, wametuambia kuanzia mwezi huu hakuna mgonjwa, kuna mteja. Ukiteleza mbele ya meneja unaandikwa. Nifanyeje?" Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku, na badala ya kulala nikakaa kumjibu. Jibu likawa refu, nikaona heri nilitoe kwa wote, maana sidhani kuna mwenzetu aliyeingia uuguzi kwa hamu ya kukaa kaunta.

Mdogo wangu, tuanze kwa haki. Neno hili halikuletwa na wafanyabiashara peke yao. Mwanasaikolojia Carl Rogers wa Marekani alilitumia tangu miaka ya 1940, kwa sababu hakutaka mtu anayekuja kuzungumza naye ahesabiwe kiumbe wa kutibiwa tu, asiye na kauli. Wauguzi wengi wakalipokea kwa nia hiyohiyo. Hata mimi, nilipofanya kazi kliniki ya wajawazito na uzazi wa mpango, nilisema mteja bila kinyongo. Mama mwenye mimba haumwi. Msichana aliyekuja kuchagua njia ya kupanga uzazi haumwi. Ukimwita mgonjwa unambambikia maradhi asiyo nayo.

Wodini ni habari nyingine. Mteja huchagua, hulinganisha, asiporidhika huondoka. Mzee aliyevunjika nyonga, amelala chali na mpira wa mkojo, kujigeuza hawezi, yeye aondoke aende wapi? Ananihitaji nimgeuze asipate vidonda vya kulalia. Ananihitaji nione kuwa mkojo umepungua kabla figo hazijadhurika, na nitambue kuwa tangu asubuhi anamwita binti yake kwa jina la marehemu mkewe, kwa hiyo huenda kuna maambukizi yanayoanza kumchanganya akili. Mtu huyu amenikabidhi mwili wake, na mengi ninayomfanyia hatayajua kamwe. Atayapimaje kwenye dodoso la kuridhika wanalojaza wateja?

Hapo ndipo penye kidonda changu. Hospitali moja niliyofanyia kazi ilipata uongozi mpya, tukaitwa kwenye mafunzo ya huduma kwa wateja. Mkufunzi alikuwa mtu mwenye heshima zake, ila hakuwahi kushika bedpani, chombo cha haja cha mgonjwa aliye kitandani. Tukapewa sentensi ya kusema kila tunapoondoka kitandani: "Je, kuna lingine naweza kukusaidia? Nina muda." Wodi imejaa, usiku tuko wawili, huku dripu inaisha, kule mgonjwa aliyetoka upasuaji anatapika, na mimi nisimame niseme nina muda!

Nilikataa yale maneno mawili ya mwisho. Kuuliza sikukataa, nauliza tangu nikiwa chuoni. Nilikataa kumwambia mgonjwa jambo ambalo sote wawili tunaona kuwa si kweli, kwa sababu akishajua kwamba kwenye hilo nasema tu, ataniaminije nikimwambia dawa hii ni salama kwake?

Tathmini ya mwaka ikaja imeandikwa kwamba sina mtazamo wa kujali wateja. Mimi niliyewaosha watu ambao hata ndugu zao walishindwa kuingia chumbani kwa harufu. Nafasi ya kuongoza wodi akapewa mwenzangu, na yeye sina neno naye, ni mchapakazi. Lakini bado inaniuma, sitaficha. Alama zile zilitoka kwenye dodoso la kuridhika, na dodoso hilo halikuwa na swali hata moja kuhusu kidonda ambacho hakikutokea kwa sababu mtu aligeuzwa usiku kucha.

Na si kwetu tu. Marekani, tangu Oktoba 2012, sehemu ya malipo ambayo hospitali hupata kutoka Medicare, bima ya serikali ya wazee, inategemea pamoja na mambo mengine majibu ya dodoso la wagonjwa. Mwaka huohuo ukatoka utafiti mkubwa wa Joshua Fenton na wenzake: waliosema wameridhika zaidi na madaktari wao walikuwa na gharama kubwa zaidi za dawa, walilazwa zaidi, na hatari yao ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 26. Hilo halithibitishi kuwa kuridhika ndiko kulikowaua. Linatosha kutuonya kwamba kumpendeza mtu na kumuuguza ni mambo mawili. Baadaye maswali ya maumivu yaliondolewa kwenye hesabu ya malipo, kwa hofu kwamba yanawasukuma watoa tiba kuandika dawa kali za maumivu ili wapate alama.

Tarakimu ninayotaka uikariri ni nyingine. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakakuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Nalo jimbo la California, kuanzia 2004, inaweka kwa sheria kikomo cha wagonjwa kwa muuguzi. Chumba cha mahututi ni wawili. Yeyote akikuletea bango la tabasamu, muulize mko wangapi zamu hii.

Mimi nilinunua daftari. Kila mwisho wa zamu niliandika tulikuwa wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi, na ni kazi gani haikufanyika. Jina la mgonjwa sikuliandika hata mara moja. Mtafiti Beatrice Kalisch alikuwa amekwisha kutuonyesha mwaka 2006 kwamba kazi zinazoachwa wauguzi wakizidiwa zinafanana: kumtembeza mgonjwa, kumgeuza, kumlisha kwa wakati, kumfundisha, kumtuliza. Daftari langu lilisema vilevile, usiku baada ya usiku. Wenzangu wakaanza kuniletea ya kwao.

Tulipofika kwa mkuu wa wauguzi hatukwenda kulalamikia neno mteja. Tulizungumza lugha ya wenye hesabu: kidonda kimoja cha kulalia kinarefusha siku za kulazwa, kinakula dawa na bandeji, kinamrudisha mtu hospitali. Tukaweka daftari mezani. Akaongezwa muuguzi zamu ya usiku, na yale maneno mawili yakafutwa kwenye sentensi. Najivunia jambo hilo kuliko cheo ambacho sikupewa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiandikwe kwa ajili ya neno. Mkutanoni sema mteja kama wanavyotaka, na kitandani mwite mtu kwa jina lake. Hilo halina meneja wa kulipinga. Nguvu zako ziweke kwenye idadi. Andika. Nasema tena, andika, kwa sababu wauguzi tumezoea kusimuliana chumba cha chai mambo ambayo yangepaswa kuwa kwenye karatasi, kisha tunashangaa hakuna anayetusikia. Kanuni ya maadili ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi, iliyopitishwa kwa mara ya kwanza 1953, inaweka wajibu wetu wa kwanza kwa watu wanaohitaji uuguzi. Mwenye jengo anafuata nyuma yao.

Jambo moja sikubali ulegeze hata wakikununia, nalo ni ruhusa za haraka za wagonjwa kwenda nyumbani. Tangu 1983 Medicare huilipa hospitali kiasi maalumu kulingana na ugonjwa, siku ziwe chache au nyingi, na mtindo huo umeigwa nchi nyingi. Hapo kila kitanda kinachowahi kuachwa wazi ni faida, na presha inamshukia muuguzi: "Huyu bado yupo?" Wewe ndiye unayejua kama anafika chooni bila kushikwa, kama ameelewa vidonge vyake, kama nyumbani kuna wa kumbadilishia bandeji. Usipoona hayo, mwambie daktari kabla karatasi haijasainiwa. Kisha andika kwenye faili saa uliyomwambia, ulichokiona na alichokujibu. Wakati wa kukabidhiana zamu mweleze anayekupokea kwa mdomo pia, mkiwa mmesimama kwenye kitanda chenyewe na mgonjwa anasikia, ili naye aulize asichokielewa kabla hajaambiwa avae.